Sakafu ya Mkulo: Niliyojifunza kwa Kuiharibu na Kuitengeneza

Nyumba tunayoishi Lushoto ilijengwa na baba mkwe wangu mwaka 1961, wakati mbao za misitu ya Usambara zilipokuwa bado zikipasuliwa jirani na seremala aliweza kuutambua ubao kwa kuunusa. Sebuleni na kwenye ushoroba alitandika mkulo, ule mti ambao wengine huuita mkafuri na ambao jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yetu. Vyumba viwili vya kulala alivitandika podo, mbao nyeupe na laini zaidi. Mbao zote zina upana wa inchi nne, zimepigiliwa juu ya mihimili iliyolazwa kwenye nguzo fupi za mawe, na chini ya mihimili hiyo kuna uwazi ambao mtoto anaweza kutambaa. Ninaanza na maelezo haya kwa sababu kwa miaka mingi nilisafisha sakafu hiyo bila kujua imejengwaje, na karibu kila kosa nililofanya lilitokana na kutojua huko.

Nilianza kuishi humo mwaka 1998, nikitokea Tanga mjini, ambako nilikulia katika nyumba yenye sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Kwetu usafi wa sakafu ulikuwa maji. Asubuhi tulimwaga ndoo nzima, tukasugua kwa sabuni na fagio la chelewa, tukayasukuma maji hadi nje ya mlango, kisha tukapiga deki. Mama mkwe wangu hakufanya hivyo. Alifagia sebule mara mbili kwa siku kwa fagio laini, akapitisha tambara ambalo mimi nililiona kama kavu kabisa, na kila Jumamosi alipiga magoti kwenye kona moja tu ya chumba, akapaka nta kidogo na kuisugua kona hiyo mpaka ing'ae. Jumamosi iliyofuata alihamia kona nyingine. Nilidhani ni usafi wa mtu aliyeishiwa nguvu kwa umri. Alipofariki mwaka 2003 na kazi za nyumba zikawa mikononi mwangu, niliiosha sakafu ile kama nilivyofundishwa kwetu, nikiamini kwa moyo wote kwamba ninaienzi nyumba yake.

Sakafu ya mbao haionyeshi madhara ya maji siku ile ile, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Ukishadeki, maji huonekana yamekauka kwa kuwa yametoweka machoni, kumbe sehemu yake imeingia kwenye viungio kati ya ubao na ubao, mahali ambapo nta wala vanishi haijafika. Ubao hunywa maji kwa wepesi zaidi kwenye kingo na ncha zake kuliko kwenye uso uliolindwa. Baada ya mwaka mmoja hivi nilianza kuona mstari mwembamba mweusi kwenye kila kiungio; nikaudhania uchafu, nikaongeza sabuni ya unga. Sabuni ile ikaondoa nta ambayo mama mkwe alikuwa akiipaka kwa zaidi ya miaka arobaini, uso wa mbao ukawa mkavu na wenye vinyuzi vilivyosimama, na kila mguu ulioingia na udongo mwekundu wa huku kwetu uliacha alama ambayo haikutoka tena.

Ili kurudisha mng'ao nilinunua nta nyekundu, ile ya sakafu za saruji, nikaipaka nyumba nzima, mkulo na podo pamoja. Kwa wiki moja nyumba ilipendeza. Baada ya hapo soksi za watoto, pindo za mapazia na kanzu ya mume wangu vikawa vinageuka vyekundu, na kwenye podo rangi ile iliingia ndani ya nyuzi za mbao kiasi kwamba hata leo, baada ya kupigwa msasa mara mbili, ipo mistari ya waridi chini ya kitanda chetu. Jirani akanishauri nichanganye mafuta ya taa kidogo kwenye maji ya kudekia, kwamba yanafukuza viroboto na kung'arisha. Wengi tunaujua ushauri huo, na wengi tumeufuata. Mafuta ya taa huyeyusha nta. Kwa hiyo yaliilainisha ile nta nyekundu, yakaisambaza upya na kuifanya inate, na vumbi likagandia humo. Nilikuwa nasafisha kila siku, na kila siku sakafu ilizidi kuwa chafu.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikufanyika juu ya sakafu. Baba mkwe aliacha matundu ya hewa kwenye kuta za msingi, manane kwa hesabu yangu, kila moja likiwa na wavu wa chuma. Nyavu zilipoliwa na kutu, panya wakaanza kuingia, na mwezi wa Julai, ambao huku juu ni wa baridi na ukungu, upepo ulipenya kwenye viungio mpaka miguu ikafa ganzi. Mwaka 2009 tuliyaziba matundu yote kwa mawe na saruji. Nyumba ikawa na joto zaidi na panya wakatoweka, tukafurahi. Masika iliyofuata mbao za sebuleni zilianza kuinua kingo. Kila ubao ulibonyea katikati na kunyanyuka pembeni, na ukitembea peku usiku ulikihisi kila kiungio chini ya unyayo, kama unatembea juu ya bati. Kabati la vyombo likawa linayumba. Mlango wa chumba cha watoto ukawa unakwaruza sakafu kabla haujafunguka nusu.

Tulimwita fundi kijana aliyekuwa na mashine ya kupiga msasa ya kukodi kutoka mjini. Ilikuwa mwisho wa Mei 2011, mvua ndiyo kwanza zimeanza kupungua. Alifanya kazi siku mbili. Mashine ile ina nguvu sana. Ikisimama mahali pamoja hata kwa muda mfupi huku inazunguka huchimba bonde, na mabonde matatu aliyoyaacha karibu na dirisha yanaonekana jua la asubuhi likiingia. Lakini kwa ujumla sakafu ilinyooka, akapaka vanishi mikono miwili, yaani matabaka mawili, tukamlipa na kumshukuru. Kufikia Februari mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, mbao zilikuwa zimegeuka. Sasa kila ubao ulikuwa umetuna katikati na kushuka pembeni, vanishi ikapasuka kwa urefu wa viungio na kuanza kubanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Nilikaa sebuleni nikalia, nasema ukweli. Zilikuwa mbao ambazo hatungeweza kuzinunua tena, kwa kuwa msitu wa Magamba zilikotoka sasa ni hifadhi ya mazingira asilia na mkulo haukatwi hovyo kama zamani.

Mume wangu akaenda Soni kumtafuta mzee mmoja seremala, ambaye ujanani alikuwa amefanya kazi pamoja na baba yake. Mzee alipofika hakuingia ndani. Baada ya shikamoo na habari za watoto alizunguka nyumba kwa nje, polepole, akigonga msingi kwa fimbo yake. Alipofika kwenye tundu la kwanza lililozibwa alisimama.

"Nani aliziba hapa?"

"Ni sisi, mzee."

"Mmeinyima pumzi, mama. Tuanzie hapa hapa. Ndani nitaingia baadaye."

Alitueleza jambo ambalo ningetamani kila mwenye sakafu ya mbao alijue kabla ya kununua hata kopo moja la nta. Ubao hauachi kunywa na kutoa unyevu kwa sababu mti umekatwa. Hewa ikiwa na unyevu ubao hunywa na kupanuka, hewa ikikauka husinyaa, na kupanuka huko huwa kwa upana, si kwa urefu, kwa sababu ya jinsi nyuzi zake zilivyolala. Ikiwa upande wa chini una unyevu mwingi kuliko wa juu, upande wa chini hupanuka zaidi, na kwa kuwa ubao umepigiliwa misumari hauna pa kwenda ila kuinua kingo. Ardhi chini ya nyumba yetu ilikuwa ikitoa unyevu wake wakati wote. Zamani upepo uliupeleka nje, lakini tulipoziba matundu ukapanda kwenye mbao. Yule fundi kijana alipopiga msasa alikata kingo zilizonyanyuka wakati mbao bado zimelowa. Zilipokauka zikarudi kwenye unyoofu wake wa asili, lakini kingo zilikuwa zimeshakatwa, na katikati ndipo palipobaki juu. Mkono wake haukuwa mbaya kama wakati aliouchagua.

Mzee aliomba ubao mfupi ulionyooka na sarafu. Nikampa sarafu ya shilingi 200. Akaulaza ubao ule kwa kukatiza juu ya mbao za sakafu, akajaribu kuisukuma sarafu chini yake kwenye kiungio. Ikapita bila kugusa. "Hii itakuwa mizani yako," aliniambia. "Usinunue msasa mpaka uwe umepima kwa miezi mitatu na nafasi haibadiliki."

Tuliyazibua matundu yote wiki ile na kuyawekea nyavu mpya za tundu dogo, ambazo panya hapiti lakini hewa inapita. Mume wangu aliingia chini ya sakafu na taa ya mkononi, akatoa vipande vya mbao vya tangu ujenzi, majani yaliyooza na takataka za panya, vyote vikiwa vimeshika maji kama sifongo. Nje tulichimba mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali na msingi. Kisha tukangoja. Kungoja ndiyo sehemu iliyonishinda zaidi, maana wageni walikuja, sherehe ya ndoa ya mdogo wangu ikapita, na sakafu ilikuwa na madoa ya vanishi iliyobanduka kama ngozi ya mgonjwa. Nilipima kwa sarafu kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani. Vuli ilipita, nafasi ikaongezeka kidogo kisha ikarudi. Mwaka mzima ukapita kabla mzee hajaridhika.

Katika kungoja huko tuligundua pia kwamba podo ya chumba cha watoto ilikuwa imebunguliwa. Nilikuwa nafagia unga laini, mweupe kama wa muhogo, kila asubuhi mahali pale pale, nikidhani unadondoka darini. Mzee alinionyesha vitundu vya mduara, vidogo kama vichwa vya pini, na akauchomeka msumari kwenye ubao mmoja ukazama bila kupigwa. Podo haina kinga yake yenyewe dhidi ya wadudu. Mbao tatu ziling'olewa na kuchomwa moto nje, nyingine zikapakwa dawa ya wadudu wa mbao pande zote, na mahali pa zile tatu tuliweka podo ya zamani kutoka nyumba iliyobomolewa huko Mlalo, kwa kuwa ubao mpya ungesinyaa ukiwa umeshapigiliwa na kuacha nafasi.

Kazi ya msasa ilifanyika Februari 2013, safari hii bila mashine kubwa. Kwanza vichwa vyote vya misumari vilizamishwa kwa nyundo na kipande cha chuma chenye ncha bapa, maana kichwa kimoja kilichojitokeza huchana msasa mzima na kuacha mkwaruzo mrefu kwenye mbao. Vanishi ilikwanguliwa kwa mkono. Kisha ukaja msasa namba 40, ulio mkali kuliko yote tuliyotumia, kwa kukata mituno, ukafuata namba 80, na mwisho namba 120, kila mara kwa kufuata nyuzi za mbao. Nilijaribu siku moja kuruka namba 80 ili tumalize mapema. Mikwaruzo ya namba 40 ilibaki, na haikuonekana mpaka mafuta yalipopakwa, ambapo ilijitokeza yote kwa pamoja. Eneo hilo tulilirudia. Tulifunga pua na midomo kwa barakoa, kwa kuwa vumbi la mbao ngumu huwasha mapafu na macho, na mzee mwenyewe alikuwa na kikohozi cha miaka mingi ambacho hakutaka tukipate.

Kwenye pembe, ambako kibao cha msasa hakifiki, mzee alitumia majani ya msasa. Wengi wanaosema "kupiga msasa" hawajauona mti wenyewe: ni mti wa jamii ya mikuyu, na jani lake linaparuza upande wa juu kiasi cha kukata ukucha. Aliyaleta kwenye mfuko, makavu kidogo, akayakunja kwa kidole gumba na kusugua pembe moja kwa karibu nusu saa. Nilipapasa pale alipomaliza; palikuwa laini kuliko mahali popote tulipotumia karatasi ya dukani. Na siku ile, uso wa zamani ulipokwisha kuondoka, harufu ya kafuri ilirudi sebuleni. Mume wangu alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai, akasema hiyo ndiyo harufu ya nyumba alipokuwa mtoto. Sikuwa nimewahi kuisikia kwa miaka 15 niliyoishi humo.

Tulijadiliana sana kuhusu cha kupaka. Vanishi ngumu ya kisasa ni nzuri kwa mahali penye maji na pilikapilika, na ukifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo inatosha kwa miaka; lakini ikikwaruzwa au kubanduka, ni shida kuziba sehemu moja bila alama, na mara nyingi inabidi chumba kizima kipigwe msasa upya. Mafuta na nta hutaka mkono wa mtu kila mara, ila kona iliyochakaa hutengenezwa peke yake, na hapo ndipo nilipoelewa ni nini mama mkwe alichokuwa akifanya kila Jumamosi. Vyumba vya podo tulivipaka vanishi kwa sababu podo ni laini na huchubuka. Sebule ya mkulo tulichagua mafuta ya linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani yaliyotiwa dawa ya kukausha, kisha nta ya nyuki. Jambo ambalo mtu hapaswi kulichanganya ni kupaka nta juu ya vanishi ngumu: haiingii, inateleza, na siku ukitaka kupaka vanishi nyingine haishiki.

Mafuta hupakwa kidogo sana. Tulipaka kwa kitambaa tukifuata ubao mmoja baada ya mwingine, tukangoja kama dakika 20, kisha tukafuta kwa nguvu yote yaliyobaki juu. Mafuta yaliyoachwa juu hayakauki vizuri, hugeuka gundi. Kwa baridi ya Lushoto kila mkono ulihitaji siku mbili hadi tatu kukauka, nasi tulipaka mikono mitatu.

Hapa ndipo palipotokea jambo ambalo nikilikumbuka bado mwili unanisisimka. Jioni ya mkono wa pili tulikusanya vitambaa vyote vilivyolowa mafuta, tukavishindilia kwenye ndoo ya plastiki na kuiacha kwenye ushoroba tukaenda kula. Hapakuwa na jiko karibu, wala mshumaa, wala mtu mvuta sigara. Saa tatu usiku nilisikia harufu kama ya mafuta yaliyoungua kwenye kikaango. Nilipofika ndoo ilikuwa imelegea upande mmoja, na moshi mweupe ulikuwa ukitoka katikati ya vitambaa. Tuliiburuta nje kwa jembe tukaimwagia maji. Vitambaa vya ndani vilikuwa vimeshakuwa vyeusi kama mkaa. Mafuta ya linsidi yanapokauka hushikana na hewa na kutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo, lakini vikishindiliwa pamoja joto hukusanyika mpaka vikawaka vyenyewe. Mzee alilijua na alidhani nasi tunalijua. Tangu siku hiyo kila kitambaa cha mafuta hutandazwa kimoja kimoja uani, juu ya mawe, mpaka kikauke na kuwa kigumu, au hutumbukizwa kwenye debe la maji lenye kifuniko. Ninawaomba mnaosoma, kama hamtachukua neno jingine lolote katika maelezo haya, mlichukue hili.

Nta natengeneza mwenyewe. Nanunua nta ya nyuki inayoletwa na wafanyabiashara wa asali kutoka Handeni, naichuja kwa kitambaa, kisha naiyeyusha kwenye kopo lililosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha kabisa. Ikishayeyuka natoa kopo nje, mbali na jiko, ndipo namimina tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, vipimo vitatu kwa kimoja cha nta, nikikoroga mpaka iwe nzito kama samli iliyoganda. Tapentaini inashika moto upesi, na mvuke wake haupaswi kukutana na mwali wowote.

Upakaji wake ni kinyume cha nilivyofanya na ile nta nyekundu. Nachukua kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa cha pamba, nakipaka eneo la hatua moja mraba, nasugua mpaka nisiweze kuiona. Naacha saa moja, mpaka mng'ao ufifie kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ndipo nasugua kwa kipande cha blanketi kuukuu la sufu. Wajukuu hufunga vipande hivyo miguuni na kuteleza huku na huku, na kazi inakwenda haraka kuliko mkono wangu. Mng'ao wa sakafu unatoka kwenye kusugua. Ukiongeza nta bila kusugua unaongeza tabaka la kunasa vumbi tu. Kona moja kila Jumamosi. Sebule nzima huisha kwa wiki sita, na ninaanza tena pale nilipoanzia, isipokuwa njia ya kutoka mlangoni hadi mezani, ambayo huchakaa mapema na huipitia mara mbili.

Usafi wa kila siku umebaki kuwa mchache kuliko nilivyokuwa nikidhani ni lazima. Kinachokwaruza mbao ni chembe za mchanga zinazosagwa chini ya miguu, kwa hiyo kabla ya kufuta lazima kufagia, na kabla ya kufagia lazima kuzuia. Mlangoni nimeweka mazulia mawili ya mkonge, moja nje na moja ndani, na viatu huachwa kati yake. Tambara la kufutia nalikamua kwa mikono miwili mpaka lisitoe tone. Nikilipitisha, alama ya unyevu lazima iwe imetoweka kabla sijafika mwisho wa ubao huo huo. Ikichelewa kutoweka, maji yamezidi. Sitii sabuni ya unga wala siki. Siki ni asidi, nayo hufifisha mng'ao taratibu. Nikitaka kujua kama mahali panahitaji nta nadondosha tone moja la maji: likisimama kama shanga, pameshiba, likitambaa na kuacha doa jeusi baada ya dakika chache, pana njaa.

Yapo ambayo hayakutengenezeka. Karibu na dirisha la jikoni kuna duara jeusi, ukubwa wa sahani, mahali niliposahau sufuria ya chuma yenye maji pamoja na stili waya ya kusugulia. Kutu ya chuma ikikutana na maji na ile dawa ya asili iliyomo kwenye mbao hutoa weusi kama wino, nao unakwenda chini zaidi ya msasa unavyoweza kufika bila kuudhoofisha ubao. Vilevile zulia lenye mgongo wa mpira tuliloletewa kama zawadi lilifungia unyevu na kuacha kivuli cha mraba ambacho kimepungua lakini hakijaisha. Miguu ya viti nimeivalisha vipande vya blanketi, na kila baada ya miezi kadhaa navibadilisha, kwa kuwa vikishanasa mchanga vinakuwa vyenyewe ni msasa.

Ubao na ile sarafu ya shilingi 200 vimekaa kwenye droo ya kabati la vyombo, na mwisho wa kila masika navitoa. Mwaka huu sarafu iliingia kwenye viungio viwili tu, vyote upande wa ushoroba, ambako mti wa mparachichi umekua ukafunika tundu mojawapo la hewa. Mume wangu amekwisha kuyakata matawi. Ushoroba wenyewe bado una vanishi ya mwaka 2011, imebanduka nusu, na wageni huuliza kwa nini hatuumalizi. Tutaupima mwishoni mwa kila mwezi kuanzia Novemba, na nafasi ikitulia, tutaanza msasa Februari.